Kabla ya Jumamosi ya Wafu

14 Septemba

Daktari amesema nitafika Mwaka Mpya. Alipokuwa akisema alitazama viatu vyake, kwa hiyo mimi nimepunguza mwezi mmoja. Mapafu yangu yanajaa maji.

Jina langu ni Lyuben Karastanev. Nina umri wa miaka sabini na tisa, na nilikuwa profesa wa antena na mirija ya mawimbi. Daftari hili limenunuliwa na Rumena, mwanamke anayenipikia na kunigeuza kitandani. Anadhani ninaandika kumbukumbu za sayansi. Rumena ni binti wa Genko Dryanov.

Nitaandika kuhusu kifo cha Yavor Penchev, mhandisi wangu, aliyekufa mwaka 1971 katika Kituo cha antena kilicho juu ya kilima cha kijiji hiki cha Brestak. Genko, fundi wetu, alifungwa miaka sita kwa kifo hicho. Genko hakumuua.

Leo nimechoka.

15 Septemba

Mavuno ya zabibu yameanza. Matrekta yanapita tangu alfajiri na kioo cha dirisha kinatetemeka.

18 Septemba

Rumena ameingia na vumbi la shambani usoni.

"Kamen amevunja pua ya mtu leo. Kwa ajili ya kreti moja ya zabibu."

"Pua ya nani?"

"Ya kibarua wa kijiji cha pili. Alidondosha kreti, Kamen akampiga kichwa. Damu yote ikaingia kwenye zabibu, na wamezikamua hivyo hivyo. Mwaka huu usiguse divai ya Kamen, Profesa."

"Daktari amenikataza divai."

"Basi daktari amekuokoa na mengi."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Najua kwa nini.

Kamen ni mdogo wake Yavor. Anachinja nguruwe wa kijiji kizima na kuuza vyuma chakavu, na mkono wake una uzito wa mguu wa mtu mwingine. Kila mwaka, Jumamosi ya Wafu, watu wa Brestak wanapopeleka ngano iliyochemshwa na divai makaburini, Genko huenda kwenye kaburi la Yavor. Huvua kofia na kusimama. Kamen humpiga. Genko hainui mkono hata kujikinga. Bibi Stoyna, mama yao Yavor na Kamen, alikuwa akisimama kando na mshumaa wake, na ngumi ya tatu ikishatua alisema, "Inatosha, mwanangu." Kamen aliacha, Genko aliokota kofia yake, watu wakaendelea kula ngano. Imekuwa hivyo tangu Genko alipotoka gerezani, miaka ishirini na sita. Mwaka jana ngumi ya pili ilivunja mbavu mbili.

Bibi Stoyna tulimzika mwezi wa nane.

"Kamen amesema kilabuni," Rumena aliniambia akiwa amenipa mgongo. "Amesema mwaka huu hakuna wa kuhesabu."

Jumamosi ya Wafu ni tarehe mosi Novemba. Genko ana miaka sabini na mmoja na moyo wake ni mbovu.

22 Septemba

Kutwa nzima mashine ya kukata chuma imelia kilimani.

25 Septemba

Ni antena yetu wanayoikata. Kamen ameinunua kwa kilo. Bakuli la chuma la mita kumi na nane, nililolikokotoa kwa kalamu ya risasi, linakatwa vipande kama mzoga na kusukumwa chini ya mteremko. Kila kipande kikianguka mbwa wote wanabweka. Jana kipande kimoja kilimkuta kijana wa Kamen mguuni. Nilisikia sauti yake kutoka hapa kitandani.

Nieleze kazi yetu, maana bila hiyo kosa langu halieleweki. Antena ni mdomo tu. Nguvu inatengenezwa chini, ndani ya jengo, na inapanda hadi kwenye antena kupitia mrija wa shaba wenye umbo la mstatili, mpana kama kiganja, uliopakwa fedha kwa ndani. Mawimbi yanapita humo kama maji kwenye bomba. Ni ndugu wa yale yanayopasha chakula siku hizi katika jiko la maikrowevu, ila yetu yalikuwa na nguvu ya majiko elfu. Mrija ukiwa mzima, unaweza kuuegemea ukanywa kahawa. Ukiufungua huku mtambo unawaka, kinachotoka hakionekani wala hakitoi sauti.

Kwa hiyo tulikuwa na ufunguo mwekundu. Ulikaa kwenye meza ya swichi, na bila huo mtambo haukuwaka. Anayekwenda kufungua mrija huchomoa ufunguo na kuuvaa shingoni hadi anaporudi. Sheria hiyo niliiandika mimi.

2 Oktoba

Genko amekuja na bakuli la zabibu. Aliketi ukingoni mwa kiti, kama mtu anayesubiri kufukuzwa. Meno ya mbele hana tangu 1971.

"Kula, Profesa. Ni za kwetu, hazina damu."

"Genko, mwaka huu usiende."

"Kumbe Rumena amekutuma." Akatabasamu kwa ufizi. "Nitaenda. Mimi nina deni gani jingine duniani zaidi ya hilo?"

"Atakuua. Mama yake hayupo."

"Akiniua tutakuwa sawasawa."

Nilimuuliza kama anaikumbuka siku ile. Sikuwa nimewahi kumuuliza kwa miaka thelathini na miwili.

"Nikijaribu kukumbuka," alisema, "naona mkono wangu mwenyewe unabonyeza swichi. Huu hapa. Hakuna kingine ninachoona. Wale walionihoji waliniambia mara nyingi sana, mwanzoni nikakataa, siku ya kumi na moja nikauona. Tangu hapo nauona kila siku." Akainua mkono wa kulia, wenye vidole viwili vilivyounga vibaya. "Wewe ulinitetea, Profesa. Walitaka kuninyonga. Na ulimlisha Rumena nilipokuwa ndani. Nyumbani kwangu jina lako halitajwi kwa mzaha."

Nilifungua mdomo. Kikatoka kikohozi. Akanishika mgongo mpaka kikaisha, akaenda zake.

5 Oktoba

Mvua ya mawe. Mashamba ya upande wa kaskazini yamepigwa yakabaki vijiti.

9 Oktoba

Niandike sasa.

Kwenye panda ya mrija wetu kulikuwa na kona iliyosokotwa, inayogeuza mawimbi yaliyolala yasimame. Kona hiyo nilikuwa nimeitungia mahesabu, na kwa mahesabu hayo ningepewa uprofesa. Tume ya jeshi ilikuwa ije kuikagua Jumatatu, tarehe 25 Oktoba. Wiki ile tulifanya majaribio usiku na mchana, na kila mara mtu alipochomoa ufunguo mwekundu, mtambo ulizimika na ulichukua dakika arobaini kupata moto tena. Nikakosa subira. Jumanne niliingia nyuma ya meza ya swichi nikafunga kipande cha waya, ili mtambo uwake ufunguo ukiwepo au usiwepo. Sikumwambia mtu. Alhamisi Yavor alikwenda kufungua mrija. Nikawasha mtambo bila kujua kwamba yuko huko.

Hiyo ndiyo siri yangu.

10 Oktoba

Nimesoma nilichoandika jana. Ni uongo. Hata hapa, ambapo hakuna wa kunihukumu, nimejipunguzia.

13 Oktoba

Mbwa wa Genko amekutwa amening'inizwa kwenye lango lake, kichwa kimepondwa kwa nondo. Rumena amefika akiwa hawezi kushika kijiko.

"Amemfanyia makusudi. Alikuwa mzee yule mbwa, hana hata jino. Baba amemshusha, amemzika, halafu ameniambia nisipige kelele. 'Kamen ana haki,' ananiambia. Haki ya nini? Haki ya mbwa? Profesa, mwite, mwambie. Wewe anakusikiliza kama mtume."

"Nilimwambia."

"Mwambie kwa nguvu!"

Akatupa kijiko ukutani. Baadaye akakiokota, akakiosha, akanilisha.

16 Oktoba

Mvua. Sikulala.

17 Oktoba

Nilijua kwamba yuko huko.

Kulikuwa na mchezo pale Kituoni, mchezo wa watu wa kazi yetu peke yao. Majira ya baridi, mtu akiinama kwenye mrija uliofunguliwa, mwenzake alimwashia nguvu kidogo sana, kiasi cha kuhisi joto shingoni kama pumzi ya ng'ombe. Tuliuita kupasha shingo. Aliyepashwa aliruka, akatukana, wote tukacheka, jioni alinunua pombe ya rakia. Kwa mchezo huo tulitumia kifaa kidogo kilichofungwa kwenye mrija, kipunguza nguvu, kilichomeza karibu nguvu yote na kuachia chembe tu. Na ufunguo ulibaki mezani kwa makubaliano.

Siku ile Yavor alichukua ufunguo, akauvaa shingoni, akapanda kwenye jukwaa. Alikuwa akipiga mluzi. Nilikuwa peke yangu kwenye meza ya swichi, na kwa ule waya wangu mtambo ungewaka hata bila ufunguo. Nilitaka kumpasha shingo. Nilitaka aruke, nimwone akiruka, kwa sababu asubuhi ile alikuwa ameniaibisha.

Alikuwa amekuja ofisini kwangu na karatasi tatu. "Komredi Karastanev," alisema, "kona yako itatoa cheche. Nimeipima mara sita. Kwa nguvu kamili hewa ndani yake inapasuka, shaba inaungua. Umekosea hapa, mstari wa nne." Na akaweka kidole kwenye mstari wa nne. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilimwambia aache karatasi. Akasema, "Nina nakala. Jumatatu nitawaambia tume. Samahani, lakini hiki kitu kitafungwa kwenye rada ya kweli." Hakuwa na dharau hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Basi, ilikuwa mzaha wa hasira.

21 Oktoba

Leo ni siku yenyewe. Mashine inalia kilimani tangu saa mbili. Wanakata mguu wa mwisho wa mnara.

Haikuwa mzaha.

Kipunguza nguvu kilikuwa juu ya meza, mbele yangu, karibu na kikombe changu cha kahawa. Yavor alikuwa amekifungua asubuhi ili apime nguvu kamili, akakiweka pale akiwa na boliti zake nne ndani ya kisahani. Nilikiona. Nilikitazama. Niliweza kuzihesabu boliti. Nilijua kilichobaki kati ya mtambo na uso wake ni mrija mtupu.

Nilikaa hivyo kwa muda wa mluzi mmoja. Kisha nikabonyeza.

Sindano ya kipimo ilikwenda mwisho. Mluzi ulikatika. Sikusikia ukelele mara moja, kwanza nilisikia buti zake zikipiga mbao za jukwaa, haraka haraka, kama mtu anayecheza. Halafu akapiga kelele ambayo sijui kuiandika. Nikazima. Kutoka kuwasha hadi kuzima hazikupita sekunde tatu. Alirudi nyuma akiwa ameziba uso, reli ya jukwaa ilikuwa ya kamba tu, akaanguka mita tisa juu ya saruji.

Nilimfikia kabla ya wengine. Macho yake yalikuwa meupe kama ya samaki aliyechemshwa. Ngozi ya upande mmoja wa uso ilikuwa imejikunja. Mguu mmoja ulielekea kusikostahili. Alikuwa hai, na aliniita. "Nani? Nani yuko hapo?" Sikujibu. Nilivuta kamba shingoni mwake nikauvua ufunguo mwekundu. Ulikuwa bado moto, uliniunguza kiganja. Nikakimbia kuurudisha mezani, ili ionekane kwamba alisahau kuuchukua. Ndipo nikaita msaada.

Alikufa ndani ya gari la wagonjwa, jua likizama. Alikuwa akiuliza kwa nini taa zimezimwa.

24 Oktoba

Wachunguzi walifungua meza ya swichi wakaukuta waya. Sasa walihitaji mtu. Waliniuliza, kama mtaalamu, ni nani mwenye ujuzi wa kufunga waya ule. Nikasema fundi. Wakauliza kama fundi alikuwapo saa ile. Nikasema alikuwapo.

Genko alikana siku kumi. Siku ya kumi na mbili niliitwa kumtambua. Walimleta akiwa ameshikwa makwapa na watu wawili. Mdomo wake ulikuwa shimo. Alinitazama, akajaribu kusimama kwa heshima, kwa sababu mimi ndiye mkubwa wake wa kazi. Mmoja akampiga goti la tumbo, "Mwambie mkubwa wako." Akasema, "Nilibonyeza mimi." Damu ilimtoka na maneno. Wakanipa kalamu. Nikatia saini kwamba ni yeye.

Mahakamani niliomba asinyongwe. Hicho ndicho wanachokiita utetezi wangu. Halafu nilirekebisha mstari wa nne kwa karatasi za Yavor, kona ikafanya kazi, nikapewa uprofesa. Vitabuni kona ile ina jina langu.

28 Oktoba

Kamen amekuja. Anapiga watu, anavunja pua, lakini kwangu huvua viatu mlangoni. Ameleta soseji alizotengeneza mwenyewe.

"Umekonda, Profesa. Unataka nikuchinjie kuku?"

"Nataka umwache Genko."

Aliketi. Kiti kikalalamika.

"Usiniombe hilo. Wewe ulikuwa mkubwa wake Yavor, ulimpenda, najua. Mama alisema siku ya mazishi ulilia kuliko wote. Lakini usiniombe hilo. Mara tatu, mara tatu, kila mwaka mara tatu. Hiyo siyo adhabu, ni kubisha hodi. Mama amekufa bila kuona mwisho wake."

"Ukimuua utafungwa."

"Nitafungwa. Nguruwe watanikumbuka." Hakucheka. Akasogeza kiti. "Wewe ni msomi. Nikuulize kitu ambacho mama alinikataza kumwambia mtu. Alipomwosha Yavor, alimkuta na alama ya moto hapa, katikati ya kifua. Umbo la ufunguo. Na meno yake, na tundu lake, kila kitu. Hakukuwa na ufunguo wowote kwenye vitu walivyotuletea. Ni ufunguo gani unaweza kumchoma mtu hivyo?"

Miaka thelathini na miwili swali hilo lilikuwa limekaa nyumba nne kutoka hapa.

"Sijui," nikasema.

Akashukuru. Akavaa viatu.

30 Oktoba

Homa. Rumena amechemsha ngano ya kesho kutwa jikoni kwangu, nyumba nzima inanukia sukari na mdalasini. Ameniuliza kama chombo cha bluu kinafaa. Nikasema kinafaa.

31 Oktoba

Nimemwambia Rumena kesho anipeleke makaburini. Amesema nitafia njiani. Nimemwambia aandae gari.

3 Novemba

Taya langu limefungwa kwa kitambaa, limevunjika upande wa kushoto. Naandika polepole. Jana sikuweza.

Tulifika makaburini saa nne, kwenye gari bovu la Rumena, nikiwa nimefungwa blanketi kama mtoto. Kijiji kizima kilikuwapo. Wanawake walikuwa wakimimina divai juu ya makaburi na kupeana ngano kwenye vikombe. Padri alikuwa akipita na chetezo. Kamen alisimama kwenye kaburi la kaka yake, mikono ya shati imekunjwa, ingawa kulikuwa na baridi ya kutoa machozi. Kando ya kaburi la Yavor kulikuwa na udongo mpya wa mama yao.

Genko alikuwa amefika kabla yetu. Nilimwona akivua kofia. Rumena alikuwa bado ananitoa kwenye gari, mguu wangu umekwama mlangoni. Ngumi ya kwanza niliisikia kabla ya kuiona. Ya pili ilimpiga mdomoni. Ya tatu ilimwangusha magoti. Watu wote wakageuka kutazama pale alipozoea kusimama Bibi Stoyna, na pale hapakuwa na mtu. Kamen pia alitazama. Alingoja kidogo, nadhani alingoja kweli. Kisha akampiga ya nne kichwani, ya tano, akaanza kutumia mguu.

Nilijaribu kupiga kelele, mapafu hayakunipa kitu. Nikaenda. Sijui nilikwendaje. Nilimpiga Kamen mgongoni kwa fimbo yangu, akageuka na ngumi juu, akaniona, akaishusha.

"Profesa, ondoka hapa. Hii siyo yako."

"Ni yangu," nikasema. "Nilibonyeza mimi. Waya niliweka mimi."

"Mzee amechanganyikiwa," mtu akasema. "Mrudisheni kitandani."

Genko alikuwa chini, damu imemwingia machoni. "Usijibebeshe, Profesa," alisema. "Kwa ajili yangu usidanganye mbele ya wafu."

Hata pale, alikuwa akinilinda.

Nikamwambia Kamen, "Ufunguo ule ulikuwa shingoni mwake. Aliuvaa kama sheria inavyosema. Niliuvua mimi akiwa hai, akiniita, nami sikumjibu." Nikafungua kiganja cha kulia nikamwonyesha kovu. Lina meno na tundu. Alilitazama, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akausogeza karibu na macho kama mtu anayesoma maandishi madogo. Niliona uso wake ukibadilika rangi. Nikasema yote yaliyobaki, kwa pumzi nilizokuwa nazo: mstari wa nne, kifaa juu ya meza, boliti ndani ya kisahani. Nikasema kwamba niliziona. Nikasema Genko hakuwapo.

Kamen aliuachia mkono wangu. Aliinua ngumi yake, akanipima kwa macho, mifupa ndani ya blanketi. Akaishusha. Akamgeukia padri.

"Sasa mimi nifanye nini?" akauliza. "Padri. Miaka ishirini na sita. Sasa mimi nifanye nini?"

Padri alikuwa ameshika chetezo, moshi unamwingia puani.

Genko aliinuka peke yake. Ilimchukua muda mrefu na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alikuja mbele yangu. Tulikuwa karibu kama watu wanaonong'onezana.

"Sema tena."

"Hukuwapo, Genko."

Akanipiga. Kwa ule mkono wa kulia, wenye vidole vibovu. Nilisikia taya likivunjika ndani ya kichwa changu kama mbao kavu. Nikaanguka juu ya udongo wa Bibi Stoyna, naye akanijia hapo chini, akanipiga kifuani, akanipiga sikioni, analia kwa sauti kubwa kama mtoto mchanga, mzee mwenye miaka sabini na mmoja ambaye hajawahi kuinua mkono. Rumena ndiye aliyemvuta. Alimvuta yeye tu. Aliponiangalia mimi nikiwa chini, alifuta mikono yake kwenye sketi, akamchukua baba yake, wakaondoka.

Nililetwa nyumbani kwa mkokoteni wa mchimba makaburi.

5 Novemba

Ofisa kutoka mjini amekuja. Nimetia saini kurasa saba.

6 Novemba

Jirani ananiletea supu, anaiweka mlangoni, anaondoka kabla sijaufikia mlango.

8 Novemba

Asubuhi nimetema damu. Sijui kama ni ya taya au ya mapafu.

9 Novemba

Genko amekuja. Hakubisha hodi. Ana jicho moja tu linalofunguka, na anatembea ameshika mbavu. Hakuketi.

"Sikuja kukusamehe," alisema. "Na sitakuzika. Ukifa, watakuzika wengine."

Siwezi kusema kwa sababu ya taya, kwa hiyo niliinamisha kichwa.

"Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Kama sikuwapo, nilikuwa wapi?"

Nikavuta daftari hili, nikamwandikia hapa hapa, akasoma juu ya bega langu, midomo ikicheza. *Ulikuwa kijijini. Gari la mkate lilifika. Uliniomba ruhusa, nikakuruhusu.*

"Nilikuomba wewe ruhusa?"

*Ndiyo. Ulisema mke wako ni mjamzito na hawezi kusimama kwenye foleni.*

Alishika ukingo wa kitanda. "Rumena," alisema. "Alikuwa Rumena tumboni." Kisha, "Endelea. Nilirudi lini?"

*Saa kumi na moja kasorobo. Wakati wanampakia Yavor kwenye gari. Ulikuwa na mikate miwili kwapani. Mmoja ulikuwa umeumwa ncha.*

"Niliuma ncha?"

*Ulikuwa na unga kwenye masharubu.*

Alifumba jicho lake zima. Nilifikiri anaumwa. Alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia kwa ndani, mahali ambapo mimi siwezi kuona, na taratibu vidole vyake vilijikunja, vile viwili vibovu pia, kana kwamba vinashika kitu chenye joto na ganda.

"Andika tena," akasema. "Ukurasa mpya. Andika hilo tu, yako yote usiyatie. Nitampelekea Rumena."

Nimeandika kwa herufi kubwa, amechana ukurasa, ameukunja mara nne, ameuweka mfuko wa shati. Hapa ninaunakili, ubaki pia kwenye daftari:

Tarehe 21 Oktoba 1971, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja kasorobo, Genko Dryanov alikuwa kwenye foleni ya mkate.